Das Boot: je, ni haki tuwahurumie waliomo ndani ya nyambizi?

Mtazamaji wa Tanga

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililonikaa moyoni tangu nilipoitazama tena Das Boot, filamu ya Kijerumani iliyoongozwa na Wolfgang Petersen na kutolewa mwaka 1981. Wengi wenu mnaijua. Nyambizi U-96 inatoka bandari ya La Rochelle nchini Ufaransa mwaka 1941 kwenda kuwinda meli za Waingereza katika Atlantiki, na kuanzia hapo tunafungiwa pamoja na mabaharia wake ndani ya bomba la chuma ambamo mkate umeota ukungu, na choo ni kimoja kwa watu wapatao 50 kwa sababu cha pili kimejazwa chakula. Inapozama hadi mita 280 katika mlango wa bahari wa Gibraltar, bolti zinafyatuka kama risasi, nami nikajikuta ninamwombea fundi mkuu afanikiwe kuipandisha juu. Ndipo nikajiuliza ninamwombea nani. Hao ni wanajeshi wa Hitler, na kazi waliyotumwa ni kuzamisha meli za chakula na mafuta ili watu wafe maji au wafe njaa. Msimamo wangu ni kwamba si haki msanii atumie ufundi wake wote kutufanya tuwapende watu wa namna hiyo. Ningependa kusikia hoja zenu.

Mwalimu Mstaafu

Nimesikitishwa na neno "tuwapende". Filamu haikuombi umpende mtu. Mwanzoni kabisa inakuwekea maandishi kwamba Wajerumani 40,000 walihudumu katika nyambizi na 30,000 kati yao hawakurudi, kisha inakuonyesha vijana wenyewe, walevi na waoga, ambao wengine hawajaota hata ndevu. Mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, Lothar-Günther Buchheim, alisafiri katika U-96 halisi mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita, na nahodha wake wa kweli, Heinrich Lehmann-Willenbrock, alikuwa mshauri wa watengenezaji. Hawa si watu waliobuni habari wakiwa mezani.

Tena umesahau tukio la meli ya mafuta. Nyambizi imeipiga, inarudi usiku kuimaliza, na katika mwanga wa moto wanaona bado kuna watu sitahani. Watu hao wanajirusha baharini na kuogelea kuielekea nyambizi wakiomba kuokolewa. Nahodha anaamuru irudi nyuma, nayo inarudi nyuma polepole huku wale wakizidi kuachwa. Mtengenezaji anayetaka uwapende mashujaa wake hawezi kuliacha tukio hilo ndani ya filamu.

Kijana wa Ilala

Ninawaheshimu wakubwa zangu, lakini sioni sababu ya kubishana hivi. Ile ilikuwa vita ya Wazungu kwa Wazungu, katika bahari yao, na filamu imetengenezwa na wao kwa ajili yao. Nyambizi hazikutuhusu sisi kwa lolote. Tuitazame kama burudani, tuisifu kamera yake, basi. Kuuliza tumhurumie nani katika ugomvi usiokuwa wetu ni kujitwisha mzigo wa jirani.

Binti Kilindini

Mdogo wangu wa Ilala, neno lako limenichoma, na sitalipita kimya. Unasema nyambizi hazikutuhusu? Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa kuelekea Colombo. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja, Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa katika vita dhidi ya Wajapani. Tarehe 12 Februari, mchana kweupe, nyambizi ya Wajerumani iliipiga kwa topido karibu na visiwa vya Maldivi, na meli ikazama kabla dakika mbili hazijatimia. Walikufa watu 1,297. Waliookoka walikuwa zaidi kidogo ya 200. Majina ya wengi wa askari wale yamechongwa katika mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, na ukienda utayasoma: ni majina ya kwetu.

Katika ukoo wetu yumo mmoja wao. Bibi aliishi hadi uzeeni akisema kwamba ndugu yake "yuko safarini", kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kaburi. Kwa hiyo usiniambie habari za mzigo wa jirani.

Mwalimu Mstaafu

Dada, pole kwa yaliyowapata. Naomba nirekebishe jambo moja kwa heshima, kwa kuwa lina uzito katika mjadala huu. Iliyoizamisha Khedive Ismail haikuwa nyambizi ya Wajerumani. Ilikuwa ya Wajapani, I-27. Manowari mbili za Waingereza zilizokuwa zikisindikiza msafara ule, Paladin na Petard, ziligeuka kuisaka, na ilipokwisha kufahamika kwamba nyambizi ilikuwa chini, mahali pale pale walipokuwa manusura wakielea, Petard ilipita juu na kudondosha mabomu ya chini ya maji. Watu wetu walikuwa bado majini. Nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikaharibika ilipojaribu kuigonga, na mwishowe topido ya Petard ikaivunja.

Kijana wa Ilala

Sasa mwalimu amenipa jibu ambalo dada hakulitaja. Topido ilikuwa ya Wajapani, lakini mabomu yaliyowakuta majini walioponea chupuchupu yalikuwa ya Waingereza, ambao ndio waliowapandisha melini. Ikiwa ndivyo, kwa nini tunajadili Wajerumani? Nauliza kwa dhati kabisa: kama wale walioelea wangekuwa maofisa wa Kiingereza watupu, je, nahodha wa Petard angedondosha mabomu yale?

Baharia wa Zamani

Nadhani angeyadondosha, kwa sababu Waingereza walikuwemo majini vilevile. Miongoni mwa waliosafiri walikuwemo mabaharia wa jeshi lao na wauguzi wa kike. Wanawake 77 walikufa siku ile; sita tu waliokoka. Nimefanya kazi melini miaka mingi, na ninamwomba kijana asilipeleke swali hili pepesi namna hiyo. Fikiria uko katika daraja la manowari, pale anaposimama nahodha kutoa amri. Mbele yako kuna meli nyingine nne zilizojaa askari, zinatawanyika kukimbia. Chini yako kuna nyambizi ambayo imekwisha kuua zaidi ya watu 1,000 kwa dakika mbili. Chombo chako cha kusaka kwa mwangwi kinakuambia imejificha chini ya waogeleaji. Ukingoja, inaweza kuzipata zile nne. Ukitupa mabomu, mshindo wake majini huua waogeleaji kwa kuwapasua viungo vya ndani, nawe unawaona nyuso zao. Hakuna chuo kinachofundisha namna ya kulala usingizi baada ya amri ya aina hiyo.

Binti Kilindini

Mzee wangu, hesabu ya meli nne dhidi ya watu mia kadhaa ninaielewa, na sijamwita nahodha yule mwuaji. Kinachonikera ni kwamba hata hapa, katika mjadala wetu wenyewe, umetuweka katika daraja la manowari. Umetupa macho ya nahodha, usingizi wa nahodha na uzito wa amri yake. Waliokuwa majini umewapa sentensi moja ya viungo kupasuka.

Filamu nazo zinafanya hivyo hivyo. Iko filamu maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1953, The Cruel Sea, yenye tukio lenyewe hili: nahodha, aliyeigizwa na Jack Hawkins, anadondosha mabomu katikati ya mabaharia wanaoelea kwa sababu anaamini nyambizi iko chini yao. Machozi tunayoonyeshwa baadaye ni ya nahodha. Wale waliokuwa wakipunga mikono wakidhani wanakuja kuokolewa hatuwajui hata jina moja. Ndiyo maana ninamwunga mkono aliyefungua mjadala, ingawa kwa sababu tofauti na yake. Huruma kwa waliomo ndani ya nyambizi si dhambi. Ubaya ni kwamba kamera haitoki humo kwenda kuwaangalia waliomo majini.

Mtazamaji wa Tanga

Nashukuru, dada, ingawa nahisi swali langu limeanza kuwa swali jingine. Naomba niliendeleze kutokana na jina la manowari mliyoitaja, kwa kuwa Petard ina kisa cha pili ambacho pia kimepitiwa na sinema. Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Mediterania, manowari hiyo na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea na kuingia ndani yake ilipokuwa inazama, wakatoa vitabu vya maandishi ya siri, na kijana wa kantini, Tommy Brown, mwenye umri wa miaka 16, akavipokea. Fasson na Grazier walizama nayo. Vitabu vile viliwasaidia Waingereza kuanza tena kusoma salamu za nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki mwezi Desemba mwaka ule. Kabla ya hapo, Mei 1941, manowari ya Waingereza Bulldog ilikuwa imekwisha kuikamata mashine ya Enigma, ambayo Wajerumani waliitumia kuandika salamu zao za siri, kutoka nyambizi U-110, wakati Marekani haijaingia vitani.

Mwaka 2000 Hollywood ikatoa U-571, na humo wanaoikamata Enigma ni Wamarekani. Alipoulizwa katika Bunge la Uingereza, waziri mkuu wa wakati ule, Tony Blair, alikubali kwamba ni dharau kwa mabaharia waliokufa. Filamu ina maandishi machache mwishoni yanayotaja kazi ya Waingereza, lakini maandishi hayo hukuta watu wamekwisha kuinuka vitini. Hebu fikirini: taifa zima lilikasirika kwa sababu sifa ya watu wawili ilihamishiwa kwa wengine, lakini rejimenti nzima iliyozama mbele ya manowari ile ile haijapata hata hayo maandishi ya mwisho.

Mwalimu Mstaafu

Mlinganisho huo ni mzuri, lakini usitufanye tuwasahau Wajerumani kwa wepesi, kwa sababu nao walifika katika bahari yetu. Machi 1944, mwezi uliofuata baada ya Khedive Ismail, nyambizi U-852 ya nahodha Heinz-Wilhelm Eck iliizamisha meli ya Kigiriki Peleus katika Atlantiki ya kusini, kisha ikayafyatulia risasi na mabomu ya mkono machelezo waliyoshika manusura. Alisema alitaka kuondoa mabaki yasionekane na ndege. Waliobaki hai katika watu 35 walikuwa watatu. Nyambizi hiyo ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda hadi pwani ya Somalia, na huko ndege za Waingereza kutoka Aden zikaishambulia. Mwanzoni mwa Mei iliegeshwa ufukweni na kulipuliwa na mabaharia wake wenyewe. Eck na maofisa wake wawili walihukumiwa, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945.

Naleta kisa hiki kwa sababu ndicho Das Boot haikukigusa. Ilichagua nahodha anayerudi nyuma huku anaumia moyoni. Ingemchagua Eck, huruma yetu ingekuwa na mtihani wa kweli. Hata Buchheim mwenyewe aliilaumu hadharani filamu ile, akisema riwaya yake ya kupinga vita imegeuzwa kuwa vishindo kwa mtindo wa Kimarekani.

Baharia wa Zamani

Dada amenigusa, naye ana haki ya kunigusa. Hata hivyo, sikubali kwamba kusimama katika daraja ni kuwasahau walio majini. Katika kesi ya Nürnberg, walipohukumiwa viongozi wa Ujerumani baada ya vita, Admirali Dönitz aliyeongoza nyambizi za Kijerumani alifungwa miaka kumi, lakini majaji walikataa kuikadiria adhabu hiyo kwa uvunjaji wa sheria za vita vya nyambizi, kwa kuwa Admirali Nimitz wa Marekani alikiri kwa maandishi kwamba nyambizi za nchi yake zilipigana kwa namna hiyo hiyo katika Pasifiki tangu siku ya kwanza. Kila upande uliwaacha watu majini. Anayetaka kujua kwa nini, ni lazima akubali kusimama alipokuwa yule mwenye amri, hata kama panamchafua.

Kijana wa Ilala

Nimesoma yote. Narudi kwa dada wa Kilindini, si kwa Das Boot. Maneno yangu ya kwanza yalitokana na kutosoma habari hizi shuleni. Tulisoma askari wa Keya, wale waafrika wa jeshi la Waingereza, walipigana Burma, hatukusoma kwamba wako ambao hawakufika. Lakini nina swali jingine: ikiwa filamu yetu itatengenezwa, nani ataonyeshwa kuwa adui? Mjapani aliyepiga topido, Mwingereza aliyedondosha mabomu, au aliyewaandikisha vijana wale vijijini kwa ahadi?

Binti Kilindini

Wewe unatafuta adui, Petersen alitafuta nahodha, na mzee wetu anatafuta daraja. Mimi ningeanza chini, ndani ya meli. Wengi wa waliokufa walikuwa ndani meli ilipopigwa, wengine wakitazama burudani ya muziki iliyoandaliwa mchana ule, na meli ililala ubavu kabla hawajazifikia ngazi. Filamu nzima ingeweza kwenda tangu kupanda gati la Kilindini hadi saa ile ya burudani: wapiga mizinga wakifundishana, wakigombania nafasi ya kulala, wakiandika barua. Nyambizi isionekane hata mara moja. Watazamaji walikwishaiona kutoka ndani kwa zaidi ya miaka 40, na kila mlio wa chuma chake wanaujua.