Msaada wa Python: programu ya kuingizia kilo za mahindi imejaa if mpaka haisomeki

Kijana_Kibaigwa: Wakuu habari za jioni, nimeandika programu ya Python, mizani ikisoma karani anachapa kilo zinaingia kwenye faili, sasa kila akikosea naongeza if nyingine, if ndani ya if, hata mwenyewe sielewi tena. Natumia isdigit kukagua kama alichochapa ni tarakimu tupu. Naombeni njia ya kuiandika isomeke.

BintiKondoa: Mdogo wangu, isdigit inakataa 98.5 kwa sababu ya ile nukta. Tumia float, inayogeuza maandishi kuwa namba yenye nukta, ndani ya try ili kosa likitokea ulishike. Halafu karani akikosea inafanyaje?

MzeeWaBahi: Afadhali nyie mna mizani. Sisi tuliuza lumbesa, gunia limechongwa kichwa mpaka linainama na mnunuzi anahesabu moja.

Kijana_Kibaigwa: Dada inaendelea tu.

BintiKondoa: Inaendelea na nini?

Kijana_Kibaigwa: Nimeweka except tupu, yaani inashika kosa lolote bila kulitaja, kilo inakuwa 0. Bosi hataki foleni isimame, jioni nazipitia sifuri. Wakulima wanalipwa kwa hilo faili na kazi inakwenda.

Fundi_Nkuhungu: Astaghfirullah! Mtu kalima msimu mzima unamwandikia sifuri? Na except tupu inameza kila kitu, hata Ctrl+C ya kusimamisha programu.

Mtani_Makole: Hii chai. Asaimenti ya chuo imepambwa mahindi.

Kijana_Kibaigwa: Chai ya nini mkuu? Karani mmoja anachapa 98,5 kwa koma, mwingine 98.5kg vimeshikana, mwingine herufi O badala ya sifuri. Nitunge ili iweje?

Mtani_Makole: Mtunzi mzuri ndivyo anavyosema 😂

BintiKondoa: Chai au si chai, chukua hii:

```
def soma_kilo(maandishi):
    kilo = float(maandishi)
    if not 0 < kilo <= 200:
        raise ValueError("Kilo si sahihi")
    return kilo
```

Kazi yake moja tu, haiulizi wala haichapishi. Nje yake weka while irudie mpaka apatie, shika ValueError peke yake, yaani kosa la thamani isiyofaa, umuulize karani upya. Hiyo not 0 < kilo iache ilivyo, maana float inapokea hata neno nan (yaani "si namba") na hapo linakwama, ukiandika kilo <= 0 or kilo > 200 linapita. Koma usiigeuze kimyakimya, achape upya mwenyewe.

Kijana_Kibaigwa: Ila while si itasimamisha foleni? Bosi...

Fundi_Nkuhungu: Isimame! Kuchapa namba upya ni sekunde ngapi?

Kijana_Kibaigwa: Sawa, naweka leo. Ila kuna sifuri mbili za jana sijui za nani.

MzeeWaBahi: Stakabadhi za mizani si zipo? Zitoe uwatafute kabla hawajarudi vijijini.