Hoteli yenye mlango wa kuingia ndani ya paki ya michezo: inalipa, au ulale nje uje na basi?

BabaZuhura
Wakuu salaam. Mama anakuja mwezi wa saba kutoka Tanga, visa ikitoka inshallah, na watoto wameshanimaliza na habari za Orlando na ile paki ya michezo ya Universal, kila jioni ni Epic Universe, Epic Universe, utadhani tumezaliwa humo. Watoto watatu, miaka 9, 6 na 3. Mama ana 71 na goti la kushoto lina mambo yake. Nimelinganisha sehemu tatu, nisaidieni.

Ya kwanza Helios Grand, ile yenye vyumba 500 iliyofunguliwa pamoja na paki yenyewe Mei 2025. Imekaa mgongoni mwa paki kabisa na ina geti lake, unashuka na lifti unatokea ndani. Ya pili Stella Nova au Terra Luna, hizi pacha, vyumba 750 kila moja, ziko jirani na paki hiyohiyo ila mlango wa ndani hazina, unapanda basi la bure unaingilia geti la mbele na umma wote. Ya tatu nyumba ya kukodi Kissimmee, mji wa jirani, jiko lipo, vyumba vinne, lakini kila asubuhi ni gari na hela ya paking.

Kwa tarehe zangu Helios inazidi mara mbili ya bei ya Stella Nova. Sasa swali la mfukoni: huo mlango unalipa? Na swali la kubishana maana nawajua: hivi hizi paki zinafanya vizuri kujenga hoteli za namna hii au hiyo hela wangeongeza michezo foleni zipungue?

kisauni_boy
Kissimmee. Imeisha hiyo. Hotelini mtu anaenda kulala, sasa unalipia ujirani na kitu ambacho usiku kimefungwa? Pikeni pilau kwenu asubuhi mbebe.

zamu_ya_usiku
Kabla hujaenda mbali BabaZuhura, mimi naishi huku Orlando na nafanya kazi ya hoteli (sitaji ipi). Watu wengi wanachanganya mlango na foleni. Kule kwenye paki mbili za zamani za Universal, ukilala Portofino Bay, Hard Rock au Royal Pacific unapewa Express bure, ile ya kupita foleni fupi. Helios HAIPEWI hiyo. Unalipa bei ya juu, unaingia kwa mlango wako wa kifahari, halafu unaenda kusimama foleni moja na yule wa Kissimmee aliyebeba pilau. Na ile kuingia mapema wanapewa wageni wa hoteli zao zote, si wa Helios peke yao. Na tiketi unanunua vilevile, chumba hakikuingizi.

kisauni_boy
Si nilisema.

MamaWanne
Kisauni wewe huna watoto, unaonekana tu.

Ngoja niwaambie. Sisi tunakaa Milton Keynes, tulienda PortAventura kule Hispania tukalala Gold River, geti lake linatokea moja kwa moja upande wa Far West, na kule ukiwa mgeni wa hoteli kuingia paki kumo ndani ya bei ya chumba, unaingia na kutoka unavyotaka. Mimi nilidhani faida ni asubuhi kuwahi. Wala. Asubuhi watoto wanne hawawahi popote, mmoja kiatu kimoja hakionekani, mwingine anataka kwenda chooni mkiwa mlangoni. Faida ya mlango ni saa nane mchana. Saa nane mchana mdogo kashalegea begani, wa pili ananuna kwa sababu hajui kwa nini ananuna, jua linawaka, na baba yao ameanza kujibu kwa neno moja moja. Hapo ukiwa mbali huwezi kurudi, maana kurudi ni basi, na kuja tena ni basi, basi mnajikokota mpaka jioni mkigombana kwa Kiswahili mbele za watu. Ukiwa na mlango mnaenda, wanalala saa mbili, wanaoga, saa kumi na moja mmerudi wapya na watu wa mchana ndio wanaondoka. Sisi tulikuwa kama tumepata siku mbili ndani ya moja.

Na Orlando mwezi wa saba mchana ni radi na mvua karibu kila siku, radi ikipiga michezo ya nje inafungwa wote mnasimama chini ya paa. Kwa hiyo kwangu swali si hoteli gani nzuri. Swali ni mama wa miaka 71 saa nane mchana atakuwa wapi.

BabaZuhura
MamaWanne hapo umenigusa. Hiyo ya baba kujibu neno moja moja umeniona wapi

Papa_Kadogo
Jambo kwa wote. Mi niko Columbus, Ohio, watoto sita. Watu wanasema hoteli ndani ya paki kama ni kitu kipya, hapana. Huku kwetu juu Sandusky kuko Cedar Point, hoteli yao Hotel Breakers iko pale tangu 1905, kwenye mchanga wa ziwa Erie, na geti ya kuingia paki iko hapo hapo. Na pale ilianza na watu kuja kuoga ziwani, tangu 1870, michezo mikubwa ikaja nyuma. Kwa hiyo kulala na kucheza vilikuwa pamoja tangu zamani.

Lakini mi niko na ulizo moja kwa Baba Zuhura. Wewe na bibi yako na watoto watatu na mama, si watu sita? Chumba cha vitanda viwili ni watu wane, ukilazimisha sana watano. Ile bei uliangalia ni ya chumba kimoja ao mbili?

BabaZuhura
...

BabaZuhura
Kimoja. Wakuu nimehesabu watoto na mimi na mama Zuhura, mama mzazi nimemsahau kwenye hesabu. Msimwambie.

mhasibu_wa_mchana
😂😂 Ngoja wakati unahesabu upya tujibu lile swali la pili maana ndilo tamu.

Kwa nini wanajenga? Kwa sababu hela ya wageni ilikuwa inaliwa na wengine. Disneyland ya California ilifunguliwa 1955, Walt Disney fedha zimemwishia kwenye paki, hoteli hakuweza, ikabidi ijengwe na Jack Wrather, na ikabaki mikononi mwa kampuni ya Wrather mpaka Disney walipoinunua 1988. Miaka yote hiyo barabara ya Harbor Boulevard inajaa moteli, watu wanalala huko, Disney anawaangalia tu. Ndiyo maana Florida walinunua ekari kama 27,000 kimyakimya, na siku paki inafunguliwa Oktoba 1971 hoteli mbili ziko tayari, mojawapo ile Contemporary ambayo treni ya monoreli inapita katikati ya jengo. Mpaka leo California ukilala baadhi ya moteli za Harbor Boulevard unafika geti kwa miguu haraka kuliko aliyelala Disneyland Hotel yenyewe, na umelipa kidogo. Jibu lao likawa ni mlango: Grand Californian ya 2001 ina geti linaloingia moja kwa moja California Adventure, na Pixar Place nayo 2024 wakaipa geti lake. Moteli ya ng'ambo ya barabara inaweza kukushinda kwa bei na hata kwa umbali, ila mlango haina.

Sasa upande wa pili. Euro Disney, Aprili 1992, walifungua na hoteli sita kwa mpigo, vyumba kama 5,200, na ile ya waridi Disneyland Hotel imekaa juu ya geti lenyewe, unapita chini yake kuingia. Mahesabu yalikuwa kwamba Wazungu watakuja kulala siku kadhaa kama Florida. Watu wa Paris wakapanda treni asubuhi, wakacheza, wakarudi kulala kwao. Hoteli kubwa mojawapo, Newport Bay Club, ikabidi ifungwe msimu wa baridi wa kwanza. Mwaka 1994 madeni yakapangwa upya na mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudia akaingia na hela yake. Yaani vitanda karibu viiue paki. Kwa hiyo mimi jibu langu ni kwamba inategemea kama mji uko karibu. Ukiwa na treni ya dakika arobaini mpaka mji mkubwa, jenga hoteli moja yenye mlango, usijenge sita.

kisauni_boy
Lakini hiyo ya waridi si waliifunga wakaifanya ya kifahari zaidi, ikafunguliwa tena Januari 2024? Kama ilikuwa hasara wangeifanya maghala.

mhasibu_wa_mchana
Ndiyo ninachosema, moja ya mlangoni haina shida. Shida ilikuwa idadi.

Mzenji_Yokohama
Mimi naongezea kitu ambacho hamjakisema, sura. Ukisimama ndani ya paki unataka usahau mambo ya nje, sasa mtu akikujengea ghorofa lenye madirisha mia tano nyuma ya mandhari umeshaharibiwa. Hapa Tokyo DisneySea, MiraCosta (2001) wameifanya hoteli ndiyo ukuta wa bandari yenyewe, ukiwa ndani unaona mji wa Kitaliano wenye rangi za kupauka, hujui kama nyuma ya yale madirisha kuna mtu amelala na soksi. Mimi nikiwa na wageni kutoka Unguja nawapitisha wanapiga picha pale wiki nzima, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hii hoteli.

Ila tahadhari: usibuku kwa jina tu. Vyumba vya upande wa Toscana vinatazama nje ya paki, sio bandarini. Na kuingia mapema ni dakika 15. Kumi na tano. Watu wanalipa mishahara kwa dakika 15, na wageni wa hoteli nyingine za Disney hapa nao wanazo.

Shangazi_Muscat
Nyie mnazungumza mvua, njooni huku. Sisi hutoka Muscat kwa gari na watoto wa dada zangu kwenda Dubai na Abu Dhabi, tena wakati wa likizo, yaani kiangazi chenyewe. Mtu asikwambie utembee dakika kumi nje saa sita mchana mwezi wa saba. Ukilala Atlantis pale Palm, Aquaventure, paki yao ya maji, unaingia bila kulipia tena, unashuka na taulo begani, na mwenye kuchoka anapanda kulala. Kisiwa cha Yas kule Abu Dhabi namna nyingine, paki nyingi ziko ndani ya majengo yenye eesii, Ferrari World, Warner Bros., SeaWorld, na kuna basi la bure linazunguka hoteli na paki, kwa hiyo hata hoteli isiyo na mlango hainisumbui. Mei 2025 Disney wametangaza na wao wanakuja Yas. Nangoja nione watajenga hoteli ya bei gani, maana kwetu familia haihesabiwi kwa watu wanne, Papa Kadogo kasema kweli.

dereva_wa_Karatu
Nawasoma nacheka, haya mambo sisi tunayo kila siku. Mgeni anauliza alale Karatu au ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Aliyelala ukingoni saa kumi na mbili asubuhi anashuka chini simba bado wako barabarani. Aliyelala Karatu kwanza apite geti la Loduare, apande kilima na ukungu ule, akifika chini magari yameshajaa. Bei sasa! Ya ukingoni ukiitaja mgeni anakaa kimya kidogo. Tofauti ni kwamba huku hoteli ikiongezeka ndani, maji na taka zinakuwa za mnyama pia. Huko kwenu taka ni ya Mario.

zamu_ya_usiku
Dereva umeniua.

Upande wa wafanyakazi niseme kidogo. Hilo geti la hoteli wageni wanaliona ni mlango tu. Ni mashine ya kukagua mabegi, watu wa tiketi, mlinzi, na lazima liwe na watu hata saa ambazo hapiti mtu, kisha usiku paki ikifungwa wote wanarudi kwa pamoja na lifti zinajaa. Gharama hiyo ndiyo iko kwenye chumba chako. Lakini wazee wanalipenda, huwa nawaona. Bibi mmoja alikuwa anaingia jioni tu, saa moja, anakaa benchi anaangalia taa, anarudi kulala.

BabaZuhura fanya hivi, usiku mmoja tu Helios, siku mbili za mlango. Unafika asubuhi unaacha mizigo mapokezi unaingia paki.

MamaWanne
Hapana hapana. Chumba unapewa saa kumi jioni, unatolewa saa tano asubuhi. Ukilala usiku mmoja mlango unao siku zote mbili, ila saa nane mchana HUNA KITANDA siku zote mbili. Mtamlaza mama kwenye kochi la lobi? Angalau usiku mbili, ili ile siku ya katikati iwe kamili. Na kiti cha magurudumu nendeni nacho chenu, msitegemee kukodi.

BabaZuhura
Dah. Hiyo ya saa kumi na saa tano nilikuwa sijaiona kabisa.

Haya, nimekaa na mama Zuhura na kalkuleta mpaka usiku. Nyumba ya Kissimmee nimeifuta, samahani Kisauni. Helios vyumba viwili siwezi, labda niuze gari. Tumeamua hivi: usiku mbili, mama, mama Zuhura na wale wadogo wawili chumba kimoja Helios, wanne kamili. Mimi na Zuhura tunachukua chumba Stella Nova. Nimempigia mama Tanga nikamweleza habari ya mlango, kaniuliza kitu kimoja tu, hiyo hoteli ina baraza ya kukaa?

kisauni_boy
Subiri nielewe. Umeanzisha uzi wa mlango, umelipa hoteli mbili, halafu wewe mwenyewe asubuhi utakuwa kwenye basi na sisi.

BabaZuhura
Na pilau nitabeba.