Wakuu, prosesa (ubongo wa kompyuta) i7-4790K ikifika nyuzi 118 bado iko salama? Naombeni ushauri wa haraka

Kamera ya Tabata:
Habari za usiku wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina desktopu yenye i7-4790K na RAM ya GB 16, nahariri video za harusi. Niliona inanichelewesha, nikaingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) nikaipandisha hadi 4.7 GHz. Sasa nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika), feni inapiga kelele hadi jirani anauliza, programu ya kupima joto inaonesha nyuzi 118, na cha ajabu video inachelewa kuisha kuliko kabla sijaongeza kasi. Juzi ikajizima yenyewe. Swali ni moja tu: mwisho wa joto salama ni nyuzi ngapi? Nijibuni kistaarabu, nina kazi za watu.

Fundi Redio:
Volti ngapi?

Mla Kiporo:
118? Bandika maharage hapo juu mkuu, gesi imepanda bei.

Mzee wa Celeron:
Vijana mmechelewa kuzaliwa. Mwaka 1998 ilitoka Celeron 300A. Unatoa basi (njia ya data ya prosesa) kwenye 66 MHz unaipeleka 100, prosesa ya 300 inakuwa 450, na feni ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Hakuna volti wala nini. Yangu nilikuja kumuuzia jamaa wa steshenari ikiwa bado inadunda, akanilipa nusu, nusu nyingine namdai hadi leo. Ukimwona mwambieni.

Kamera ya Tabata:
Shikamoo mzee wangu. Lakini swali langu ni joto, si volti.

Fundi Redio:
Joto linatoka wapi, mbinguni? Moto wa prosesa unapanda na kasi, na unapanda na volti mara volti yenyewe. Volti ngapi na feni gani?

Shangazi wa Moro:
Mwanangu, mashine imetengenezwa na wasomi wakaipa kiwango chake. Wewe unataka ikupe ambacho hawakukiweka. Tamaa hii ndiyo inamaliza vijana, leo prosesa, kesho mikeka.

Kamera ya Tabata:
Shangazi nimekusikia, ila K mwishoni mwa jina maana yake wameiacha wazi uongeze. Si tamaa.
Fundi, volti niliacha kwenye otomatiki, bodi ijichagulie. Inasoma 1.42. Feni ni ile ndogo ya Intel, lakini nimefungua ubavu wa kesi na nimeweka feni ya mezani inapuliza ndani, kwa hiyo hewa ipo ya kutosha.

Fundi Redio:
Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia.
Familia hiyo ya prosesa za Haswell, kwa feni ya hewa iliyo nzuri, wengi tunaishia 1.25 hadi 1.30. Chini ya kifuniko chake kuna pesti (uji wa kupitisha joto), haijachomelewa kwa metali kama i7-2600K, kwa hiyo joto linachelewa kutoka hata ukiweka hitisinki (chuma cha kupoza) kubwa. Feni yako imekusudiwa wati 88. Piga hesabu: kutoka volti 1.2 kwenda 1.42, na kutoka GHz 4.2 kwenda 4.7, moto unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Feni ya mezani haigusi hilo, na hapo chumba cha Dar chenyewe kina nyuzi 31.
Usiache otomatiki. Bodi nyingi zikiachiwa zinamwaga volti ili zisikwame.

Nanasi:
Mbona hamumwambii anunue kadi ya picha tu? Programu nyingi za video siku hizi zinarendea huko. Mimi nina GTX 1650, maisha mazuri.

Jicho la Tatu:
Wakuu mnapigwa chai. 4790K kikomo chake ni nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe, ikizidi sana inazima. Haiwezi kukaa 118 huku inarenda harusi. Halafu akaunti imefunguliwa wiki hii. Weka skrinishoti au funga uzi.

Mla Kiporo:
Chai ya tangawizi kabisa. Nilishaanza kutafuta sufuria.

Mzee wa Celeron:
Na mimi nimejieleza bure?

Kamera ya Tabata:
Nitunge ili nipate nini? Skrinishoti hiyo hapo. 118 imeandikwa wazi.

Fundi Redio:
Jicho, hajatunga, amesoma mstari usio wake. Hiyo 118 ni ya AUXTIN, kihisi cha bodi ambacho mara nyingi hakijaunganishwa na kitu, kinatoa namba za ajabu tu. Shuka chini kwenye viini vya prosesa: 100, 100, 99, 100. Ndiyo maana video inachelewa. Inagonga dari, inajishusha, inapanda, inagonga tena.
Shusha hadi 4.4 kwa viini vyote, volti andika mwenyewe 1.20, jaribu. Ikikwama ongeza 0.01 kila mara. Lenga 85 kushuka chini wakati wa kurenda. Na weka pesti mpya chini ya feni, hiyo huenda ni ya mwaka 2014 kama haijawahi kufunguliwa.

Kamera ya Tabata:
Kufungua feni ndiyo siwezi mkuu.

Fundi Redio:
Kwa nini?

Kamera ya Tabata:
Mashine ni ya shemeji. Yuko Mwanza, aliniachia nimtunzie. Ameweka stika kwenye skrubu. Lakini aliniambia "itumie tu", na kutumia ni pamoja na BIOS. Na siwezi kurudi kasi ya kiwandani, nimeshapokea advansi za watu.

Shangazi wa Moro:
Nilisema mimi.

Jicho la Tatu:
Sasa ndiyo naamini, uongo haufikii huku. Ubavu wa kesi umeufunguaje na stika?

Kamera ya Tabata:
Stika iko upande mwingine.

Mrejesho wakuu: nimeweka 4.4 kwa 1.20, nimerenda usiku kucha, viini vimecheza 84 hadi 88, haijazima, na video imewahi kuliko pale kwenye 4.7. Nashukuru sana Fundi. Sasa kwa kuwa imetulia, nikienda 4.6 kwa 1.28 si itavumilia?

Fundi Redio:
Kwa feni hiyo hiyo? Nipe namba ya shemeji.