Naangalia upya Nitro na Raw za miaka ya 90: nianzie wapi, na mechi naikosoaje?

Kamba ya Juu aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Nimeanza kuangalia upya mieleka ya Marekani ya enzi za ushindani wa Jumatatu, kampuni mbili zikigombea watazamaji wa TV: WCW na kipindi chake Nitro, dhidi ya WWF na kipindi chake Raw. Naenda wiki kwa wiki tangu Septemba 1995. Nimefika Machi 1996 na pumzi imekata. Maswali yangu:

Kuna mpangilio mzuri zaidi ya huu wa kufuata tarehe?

Mbona mechi nyingi nzuri zinaishia kwa watu kuvamia ulingo? Ni uandishi mbovu, au kulikuwa na sababu?

Na mechi unaikosoaje kwa undani? Nimechoka kuandika "kali" na "mbovu" kwenye daftari.

---

Kona Nyekundu alijibu:

Mkuu, piga hesabu kwanza utaona ulipokosea. Nitro ilianza Septemba 4, 1995 ndani ya Mall of America kule Minnesota ikiwa ya saa moja tu, kwa hiyo hapo ulipo bado ni mteremko. Mei 27, 1996 ikawa saa mbili. Januari 1998 ikawa saa tatu, na mwezi huohuo WCW wakaongeza kipindi kingine, Thunder, cha saa mbili. Raw nayo ilishafika saa mbili tangu Februari 1997. Jumlisha: saa saba kwa wiki, zaidi ya saa 350 kwa mwaka 1998 peke yake, na hujagusa onyesho la kulipia hata moja wala ECW, ile kampuni ndogo ya tatu. Hata ukitoa matangazo ya biashara, yanayokula kama robo ya muda, bado humalizi.

Nenda kinyumenyume. Chagua onyesho kubwa la kulipia, rudi wiki nne nyuma yake, angalia vipande vinavyohusu mechi tatu za juu tu, halafu onyesho lenyewe uliangalie lote bila kuruka, hata mechi za ufunguzi. Mechi za ufunguzi ndizo zinazokuambia watu wa ukumbi ule wameamka au wamelala, na bila kujua hilo utamlaumu bure anayefuata.

Ukitaka kuonja ushindani wenyewe, ziweke kwa saa zao. Mwaka 1998 Nitro ilianza saa 2 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, Raw saa 3. Maana yake saa ya kwanza ya Nitro haikuwa na mpinzani, na ikigonga saa 3 kamili utaona lazima kitu kilipuke: mtu anaingia na kipaza sauti, au fujo inaanza nyuma ya jukwaa. Ukiangalia Nitro peke yake fujo hiyo haina kichwa wala miguu. Iweke sambamba na dakika za kwanza za Raw, utaelewa walikuwa wanamzuia mtu asibadilishe chaneli.

Jambo jingine, Raw nyingi zilirekodiwa siku kadhaa kabla, Nitro ilikuwa hewani moja kwa moja. Ndiyo maana Eric Bischoff, bosi wa WCW, alikuwa anatangaza matokeo ya Raw kabla hayajaonyeshwa. Mchezo huo ukawageuka Januari 4, 1999. Tony Schiavone, mtangazaji wa Nitro, kwa maelekezo ya Bischoff, aliwaambia watazamaji kwamba Mick Foley, mpiganaji wa WWF, anachukua ubingwa kule kwa wenzao, akaongeza kejeli. Mechi yenyewe ilirekodiwa Worcester, Massachusetts, wiki iliyotangulia. Watu kwa maelfu wakahama kwenda kumwona Foley. Na waliobaki Nitro usiku huohuo wakaonyeshwa Hulk Hogan akimgusa bingwa wa WCW, Kevin Nash, kifuani kwa kidole, Nash akaanguka chali, mkanda ukahama. Angalia vipindi hivyo viwili kwa pamoja, usitenganishe.

Tahadhari kuhusu nakala. Maktaba ile yote sasa ni ya mshindi: WWF walinunua WCW Machi 2001. Filamu za historia walizotengeneza baadaye zinasimulia kwa mdomo wa aliyenunua kanda, kwa hiyo usianze nazo. Pia kuna nakala za WWF ambazo nembo imetiwa ukungu na jina limekatwa sauti, kwa sababu ya ile kesi ya mfuko wa wanyamapori iliyowalazimisha kuitwa WWE mwaka 2002. Na ECW ndiyo imeumia zaidi: nyimbo za kuingilia zimebadilishwa, na kwa kuwa muziki na kelele za ukumbi viko kwenye njia moja ya sauti, wakitoa wimbo wanatoa na kelele. Usiandike kwenye daftari kwamba "ukumbi ulikuwa baridi" kwa kutegemea sehemu ya wapiganaji kuingia kwenye nakala ya namna hiyo.

---

Binti Kengele alijibu:

Nachukua swali la tatu. Kaka, kila mechi iangalie mara mbili. Mara ya kwanza na sauti, bila kuandika chochote. Mara ya pili zima sauti kabisa, shika kalamu. Watangazaji wakinyamaza ndipo unaona kama wapiganaji wenyewe wanasimulia, au walikuwa wanabebwa na maneno ya Jim Ross, mtangazaji wa WWF.

Kwenye mara ya pili andika dakika nne tu: steringi anapomiliki mwanzoni, adui anapomkata, steringi anapoanza kurudi, na mwisho. Mechi nyingi za zama zile zimejengwa juu ya nguzo hizo. Ukijua zimesimama wapi unaweza kusema kitu cha maana, mfano kwamba adui alimiliki dakika 9 kati ya 12 kisha steringi akarudi kwa sekunde 30 na kushinda. Hapo si "mbovu" tena, una ugonjwa wenye jina.

Kisha chagua kiungo kimoja. Kama goti limepigwa dakika ya 6, litazame goti hilohilo dakika ya 15. Anachechemea akiwa anapigwa tu, au hata akiwa anashambulia? Wengi husahau wakiwa wanashambulia, na hapo ndipo ngazi za wapiganaji zinapoonekana.

Chukua Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13 (onyesho kubwa la WWF la mwaka), Machi 23, 1997, Rosemont nje ya Chicago. Sharti: lazima mtu akubali kushindwa. Mwamuzi ni Ken Shamrock. Bret anaingia akiwa steringi, Austin adui, ingawa kelele za Austin zilishaanza kukua wiki nyingi kabla. Wanaanza kwa kugaragazana na kuishia katikati ya mashabiki, hapo hakuna cha kuchambua sana. Wakirudi ulingoni Bret anashughulikia goti, hadi analifungia kwenye nguzo ya kona akiwa amening'inia nje. Halafu analeta kiti. Kumbuka nani kaleta kiti.

Austin anapasuka paji la uso. Sasa tazama kamera, maana nusu ya kazi ni yake: damu inateremka hadi kwenye meno, na wakati Bret amemgeuza kifudifudi akamsokota miguu kwenye Sharpshooter, mpiga picha anashuka usawa wa turubai na kumkaribia uso. Austin anajisukuma juu kwa mikono, Bret anayumba karibu aachie, kisha anarudi kukaa. Austin hagongi mkono kukubali kushindwa. Anazimia. Shamrock anasimamisha.

Kwa kanuni Bret kashinda. Ila hakuna aliyemwona Austin akikubali, na Bret anarudi kulipiga goti la mtu aliyezimia. Shamrock anambeba kiunoni na kumtupa, Bret anatazamana naye, kisha anageuka na kushuka ulingoni. Sikiliza zomeazomea pale. Austin anakataa kushikwa mkono na waamuzi, anaondoka kwa miguu yake huku ukumbi ukiita jina lake. Steringi na adui wamebadilishana nafasi ndani ya dakika kama 22, na hakuna hata mmoja aliyeshika kipaza sauti kueleza. Hicho ndicho kipimo cha uandishi wa mwisho wa mechi.

Ukiangalia tena, fuatilia mikono ya Shamrock. Yeye ndiye anayeamua kasi ya dakika tano za mwisho.

---

Kizimba alijibu:

Nakubaliana na Dada Kengele kwa asilimia kubwa, ila mfano huo ni rahisi mno. Mechi ile Dave Meltzer, mwandishi maarufu wa habari za mieleka, aliipa nyota 5 na kila mtu anaijua. Ukijifunza kukosoa kwa mechi bora tupu utakuwa kama mtu anayejifunza kuonja chumvi kwa kula pilau za harusi tu. Angalia zilizoharibika.

Na hapo swali la pili la mkuu linajibika. Mwisho wa uvamizi si kosa kwa asili yake. Una kipindi kila wiki, unataka mechi kubwa leo ili watu wasihame, lakini ukimshindisha mmoja kihalali huna cha kuuza mwisho wa mwezi. Basi unakopa: wavamizi wanaingia, hakuna aliyeshindwa, deni linaandikwa. WCW walijua kukopa kuliko wote. Baada ya Hogan kuwageuka watu Julai 7, 1996 kule Daytona Beach na kuanzisha nWo, kundi la wavamizi, walikopa miezi mingi, na mfululizo wa Nitro kuishinda Raw, ulioanza Juni 1996, ukafika wiki 83, hadi Aprili 1998. Shida ni siku ya kulipa.

Siku ya kulipa ilikuwa Starrcade, onyesho kubwa la WCW la mwaka, Desemba 28, 1997, Washington: Sting dhidi ya Hogan. Sting alikaa zaidi ya mwaka bila kusema, akishuka kutoka darini na rungu. Hadithi iliandikwa hivi: mwamuzi Nick Patrick, mtu wa nWo, atampa Hogan hesabu ya haraka ya dhuluma (yale mapigo matatu ya kiganja kwenye turubai mtu akiwa amebanwa mabega), Bret Hart atasimamisha kengele akisema hatakubali mtu aonewe kama alivyoonewa yeye Montreal wiki saba kabla, WWF walipogonga kengele na kumpokonya ubingwa bila yeye kukubali kushindwa, mechi ianze upya, Sting ashinde.

Sasa chukua kipima sekunde. Pima Patrick anavyopiga turubai pale, kisha pima hesabu zake kwenye mechi nyingine yoyote ya mwaka ule. Haikuwa ya haraka. Ni tatu ya kawaida kabisa, na Sting hakunyanyua bega. Kwa hiyo anayeangalia anaona Sting kashindwa kihalali, halafu Bret anakuja kumpokonya Hogan ushindi wake. Dhuluma iligeuka upande. Kosa la mapigo matatu ya kiganja likamwaga maandalizi ya mwaka. Nani alimwambia Patrick apige vile, watu wanabishana hadi leo, na ukumbuke mkataba wa Hogan ulimpa sauti juu ya mambo ya hadithi yake.

Kwa kulinganisha, miezi miwili kabla ya hapo, Halloween Havoc, Oktoba 26, 1997, Las Vegas: Rey Mysterio Jr. na Eddie Guerrero, barakoa dhidi ya mkanda: Rey akishindwa anavua barakoa, Eddie akishindwa anatoa ubingwa. Chini ya robo saa. Eddie anampiga mgongo, kisha anaanza kuichana barakoa, yaani dau lenyewe linararuka mbele ya macho yako. Mwisho Eddie anataka kumtupa kutoka juu ya kamba, Rey anageuza hewani na kumbana. Hakuna mvamizi hata mmoja. Kwa hiyo WCW walijua. Mechi za juu ndizo zilizokuwa na wenyewe.

Jambo la kiufundi kwa wanaolinganisha kampuni hizi: ulingo wa WCW ulikuwa futi 18 kwa 18, wa WWF 20 kwa 20. Kamba za WCW zilikuwa waya wa chuma ndani ya mpira, za WWF kamba za kweli zilizofungwa utepe. Waya haulegei sana, na kwenye ulingo mdogo hatua kati ya kamba na kamba ni chache. Mtu aliyehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine usimhukumu kwa mwezi wa kwanza.

---

Kamba ya Juu aliandika:

Nashukuruni wakuu, nimekata hesabu za wiki kwa wiki leoleo. Swali dogo la pembeni: yule Kamala wa SummerSlam 1992 pale Wembley, "jitu la Uganda", alikuwa Mganda kweli? Mtaani bado kuna wanaoapa.

---

Kona Nyekundu alijibu:

Hapana. Ni James Harris, mzaliwa wa Senatobia, Mississippi. Mhusika alibuniwa Memphis mwaka 1982 na Jerry Lawler na Jerry Jarrett, waliokuwa wakiendesha mieleka ya huko: rangi usoni, nyota na mwezi tumboni, mkuki, barakoa, kitambaa cha chui. Wakamtangaza kama mlinzi wa Idi Amin, miaka mitatu baada ya Amin kuanguka, kwa sababu jina la Amin ndilo lililokuwa linatisha watazamaji wa Tennessee. "Msitu wa Afrika" kwenye video ya kumtambulisha ulikuwa shambani kwa Jarrett, na ukungu ni barafu kavu. Mganda akiitazama atacheka kwanza, kisha atanuna.

Kama kazi ya ulingoni, mkosoe kwa kile alichopewa kufanya. Mtu mkubwa, mechi fupi, makofi ya kutoka juu, kujirusha kwa tumbo. Kichekesho chake ni kumbana mtu akiwa amelala kifudifudi, mwamuzi hawezi kuhesabu, msimamizi wake Kim Chee anapiga kelele amgeuze. Kinamfanya mjinga, lakini kinampa steringi sekunde za kupumua bila kumdhalilisha kimapigano. Pale Wembley mpinzani wake, Undertaker, alishinda kwa Kamala kuondolewa kwa makosa. Deni lile lililipwa Novemba 1992, Survivor Series, kwa mechi ya jeneza. Harris alifariki Agosti 2020.

---

Binti Kengele alijibu:

Kaka Kamba, kabla hujaanza: ukipima hesabu ya Patrick, usipime kutoka kiganja kinapoonekana kwenye kamera ya karibu, wakati mwingine wanabadilisha picha katikati ya hesabu. Tafuta mechi ambayo kamera kubwa ya pembeni imekaa palepale kwa mapigo yote matatu, anza kupima pigo la kwanza linapogusa turubai, simamisha pigo la tatu. Fanya hivyo kwa hesabu tano tofauti ndipo ulinganishe na ya Starrcade.