Mjadala: Je, ujuzi wa wakala wa fedha utakuwa na thamani lipa namba ikienea?

Hoja iliyo mezani inadai kwamba kijana anayefungua kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu anajifunza kazi inayokufa, kwa kuwa mteja anayelipa dukani kwa lipa namba, yaani namba ya duka inayopokea malipo kutoka kwenye simu, hana haja ya kutoa taslimu, na asipotoa hakuna kamisheni. Kwamba kamisheni ya kutoa itabanwa, sibishi. Ninachopinga ni kudhani kuwa huduma ikipungua, ujuzi wa aliyeiendesha nao unapotea.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, wakala ameishi kwa kusawazisha mitaji miwili, yaani taslimu zilizo kwenye droo na floti (salio la fedha za kielektroniki) iliyo kwenye laini. Anayetoa hupunguza taslimu na kuongeza floti. Anayeweka hufanya kinyume. Mishahara inapoingia, kibanda kilicho jirani na kiwanda hukaukiwa taslimu mapema, ilhali kilicho sokoni huishiwa floti jioni, wauzaji wanapokuja kuweka mauzo ya siku. Wakala asiyelijua hilo humwambia mteja, "Floti imeisha, jaribu pale kwa jirani," na mteja akishamzoea jirani ndiyo basi. Anayelijua huwa amekwisha kupanga tangu jana kama ataongeza kwa wakala mkuu, benki, au kwa mwenye duka la jumla asiyependa kulala na fedha nyingi. Hesabu hiyo haimo kwenye menyu ya simu, na anayeiweza ataiweza hata akihamia kuuza saruji au nafaka, kwa sababu huko nako mzunguko wa fedha ndio unaoua au kukuza duka.

Isitoshe, si kila pigo hutoka kwenye teknolojia. Tozo za serikali kwa miamala ya simu zilizoanza Tanzania Julai 2021, na kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo baada ya malalamiko mengi, ziliwakuta mawakala na simu zile zile na laini zile zile. Anayejifunza programu mpya peke yake, bila kufuatilia bajeti ya serikali, anajiandaa nusu nusu.

Hata hivyo, wakala aliyejua kubonyeza tu yuko hatarini kweli, na hapa nawalaumu waandaaji wa mafunzo. Semina nyingi hufundisha huduma mpya na mbinu za matapeli, jambo la lazima, lakini ni nadra mshiriki kuulizwa: shilingi milioni moja uliyoifunga kwenye floti inakuzalishia kiasi gani kwa mwezi, ukishatoa pango la fremu na posho ya kijana anayekushikia kibanda? Bila daftari linalojibu swali hilo, mtu hawezi kujua kama aongeze mtaji, achanganye biashara nyingine, au afunge.

Namwomba basi mtoa hoja ataje ni eneo gani analolizungumzia. Je, ni katikati ya Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kumaliza siku bila kushika noti, au ni kijijini, ambako mkulima aliyelipwa mazao yake kwa simu bado anahitaji taslimu za kumlipa kibarua na kwenda nazo gulioni?