Gumzo la familia: maua ya zambarau bwawani

Neema: Shikamooni wote. Jamani hebu oneni picha hii, bwawa la uani wiki tatu tu limefunikwa nusu, yale maua niliyookota ufukweni nikayatia mule nikaona yanapendeza, na sato tangu juzi alfajiri wanakuja juu wanahema 😢

Mjomba Masanja: Marahaba. Ng'oa moja, kata pale bua lilipovimba uniambie ndani kukoje

Neema: Nimekata. Ndani kama sponji, vitundu vitupu. Mizizi myeusi kama manyoya na ua lina doa la njano

Mjomba Masanja: Basi ndo gugumaji lenyewe. Nalijua mie, miaka ya 90 hapa Mwanza unapiga kasia asubuhi nzima mtumbwi hausogei, nyavu zinabaki chini yake. Na asili yake Amerika ya Kusini, watu walilisambaza hivihivi kwa ajili ya ua

Juma: Mjomba si tupige ile dawa ya magugu ya shamba?

Mjomba Masanja: Usithubutu mwanangu! Likifa lote kwa mpigo linazama linaoza, kuoza kunamaliza hewa ya majini, kesho mnakuta sato tumbo juu. Toeni kwa mkono na reki, na mizizi yake yote, kidogo kidogo

Shangazi: Na wale wadudu wanaokula gugumaji, walioachiliwa ziwani?

Mjomba Masanja: Wale walisaidia sana dada ila kazi yao ni ya miaka, kabwawa haka mikono inatosha. Mkishatoa yaanikeni juani mbali na maji, msitupe mtaroni, mtaro wetu unaishia ziwani

Neema: Mjomba, mama Joy nilimpa mawili akaweka kwenye karo lake, na mvua ikinyesha linafurika mpaka mtaroni

Mjomba Masanja: Nenda sasa hivi Neema, usingoje kesho

Mama: Twende wote, nabeba ndoo

...

Neema: Tumerudi. Yale mawili yalishakuwa saba! Tumeyatoa yote, yako juu ya bati yanakauka, mama Joy kaelewa kabisa. Tulidhani tumemaliza, Joy akaona kamoja kadogo kama kidole kamejibanza kwenye nyasi za ukingoni

Mjomba Masanja: Hako ndo kangerudisha yote. Mshukuru huyo mtoto. Kagueni kila Jumamosi, mbegu zake zikizama kwenye matope zinakaa miaka mingi bado zinaota. Kesho saa kumi na mbili nipo hapo na reki na tenga, tunaanzia upande wa sato