Naomba ushauri: mkataba wa hali bora unasainiwa wiki ijayo, wanachama hatujausoma

Wakuu, shikamooni mliotutangulia. Nipo shamba la mkonge Korogwe, Tanga, upande wa korona, yaani kwenye mashine ya kusindika majani ya mkonge kupata nyuzi. Chama chetu kina zaidi ya nusu ya wafanyakazi, kwa hiyo mwajiri anakitambua na wamejadiliana kwa miezi. Sasa tunaambiwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, uko tayari, viongozi wanasaini wiki ijayo. Mkutano wa wanachama? Hakuna.

Nimebahatika kuona ukurasa mmoja tu. Glavu na mabuti vitatolewa "kadiri hali itakavyoruhusu". Hali ya nani? Maji ya mkonge yanawasha mpaka ngozi inababuka!

Ninavyojua, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saini ya mwisho ikishawekwa mkataba unatubana wote, hata wasio wanachama, na nakala inakwenda kwa Kamishna wa Kazi. Ndiyo maana nataka tuwahi.

Mliopitia haya, tudai vipi kusomewa rasimu na kuipigia kura kabla ya saini? Tuanzie kwenye katiba ya chama, au tuandike barua ofisi ya mkoa? Mgomo msinishauri, tafadhali, nina watoto shule.